Kufuli la Tatu

Sanduku letu ni la bati nene, rangi ya kijani,
lilichomelewa Pasua na fundi aliyetudai hadi leo.
Makufuli matatu, funguo tatu, nyumba tatu:
mmoja kwangu, Kiborloni,
wa pili kwa Eliaichi, nyuma ya mashine ya kukoboa,
wa tatu kwa Ndekirwa, mpishi wa wapanda mlima.

Mwaka ule wageni hawakuja.
Sielezi kwa nini; redio ilieleza hadi betri zikaisha.
Mimi niliona mahema yakianikwa uani kwa Ndekirwa
bila kupanda popote,
na viatu vya mlimani vikiuzwa Memorial
kwa bei ya kandambili.
Kahawa ikashuka. Sukari ikapanda.
Hisa nilizonunua mwaka wa mavuno
zikawa karatasi ya kufunikia uji.

Kila Jumatano, kwenye mabenchi yale yale,
neno lilikuwa moja: tuvunje.
Tugawane, kila mtu abebe chake
kabla shilingi haijageuka kokoto.
Huyu anataka dola za yule mtu wa Double Road,
huyu mtamba wa maziwa,
huyu ana binamu Arusha
anayezidisha pesa mara mbili kwa siku arobaini.
Nikasema, "Arobaini ni ya kuondoa matanga."
Hakuna aliyecheka.

Ndekirwa akaondoka usiku. Mirerani, walisema,
kutafuta shimoni alichokikosa kileleni,
na ufunguo mfukoni.
Tukamwita fundi na msumeno wake wa umeme.
Umeme ukakatika.
Tukamngojea hadi magharibi,
akarudi kwake na nauli yetu.
Wiki ya pili wakasema, labda atarudi.
Wiki ya tatu wakaanza kupanda mchicha.

Sasa niseme.
Ndekirwa hakwenda na ufunguo.
Alinigongea alfajiri ile, akauweka kiganjani mwangu:
"Dada Aikaruwa, mimi najijua.
Nikibaki nao, nitauuza."
Nikautumbukiza kwenye kopo la magadi,
chini, mkono wa mgeni usikofika,
na miezi kumi na mmoja
nikapika maharage juu ya uongo.

Tulifungua bei zilipotulia.
Nikadai ufunguo umeletwa na dereva wa lori,
wakamwombea heri dereva asiyekuwepo.
Noti zote zilikuwemo, zinanuka kutu.
Wale wa Majengo, waliovunja chao mapema,
wakaja kutukopa, kofia mkononi.
Nikapigiwa vigelegele, nikapewa kitenge.

Anaeli hakupiga.
Binti yake, Haikaeli, alirudi nyumbani kidato cha tatu
kwa kukosa ada iliyokuwa mle ndani,
fungu la mama yake mwenyewe, halali,
lililohesabiwa mbele ya watu wote,
nami nina funguo mbili kati ya tatu
na Eliaichi ni jirani wa kuitwa kwa sauti.

Leo Haikaeli anasuka nywele karibu na stendi.
Vidole vyepesi, haongei.
Nikimpa zaidi, hunirudishia chenji yote,
sarafu kwa sarafu, juu ya kitana.

Akiba haiozi, tulifundishwa.
Hatukufundishwa ni kitu gani
huoza mahali pake.

Na bado, ukiniuliza usiku, taa imezimwa,
kama ningewapa ule ufunguo Jumatano ya kwanza,
nakumbuka binamu wa Arusha na siku zake arobaini
(alikamatwa ya thelathini na nane)
na nasema hapana.
Kisha namkumbuka mtoto
na mkeka wake wa kusukia,
na sisemi kitu.

Kitenge sijakishona.
Ndekirwa amerudi, anapika tena, mlima una watu.
Nilimrudishia wake, akauvaa shingoni kwa uzi.
Kila Jumatano tunainama pamoja juu ya bati la kijani:
Eliaichi anazungusha, Ndekirwa anazungusha,
wananitazama mimi,
na mkono wangu, mwizi asiyeiba hata senti,
unasita kidogo kabla ya kufungua.